Mkono wa Fyuzi, Magurudumu ya Gia

Jumanne, 2 Juni

Kwako Fyuzi, mzima taa,

Usicheke. Tangu nizaliwe sijawahi kumwandikia mtu barua, na hii ya kwanza naiandika kwa amri. Nimekaa kwenye karakana ya mjomba wangu, fundi seremala, juu ya kiti ambacho bado hakina mgongo. Nimechana karatasi tatu. Kila nikiandika "Hujambo" najiona namwandikia mwalimu mkuu.

Basi tuanze na kazi, maana Nahodha wa timu yetu ya roboti atazisoma barua zetu zote siku ya kufungua shule. Msimu wa mashindano umekwisha, wakubwa wa timu wanalala mpaka saa nne asubuhi, na sisi wageni ndio kwanza tunatoka jasho. Umesikia alivyosema: hakuna mgeni atakayegusa roboti ya mashindano kabla ya kumaliza mradi wa likizo. Wawili wawili, kila mmoja akiwa kwao. Mimi najenga kigari, wewe mkono wa kushikia vitu. Jumatatu ya tarehe 13 Julai tunaupachika mkono wako juu ya kigari changu mbele ya timu nzima, kinabeba glasi ya maji kutoka meza moja hadi nyingine, na lisidondoke hata tone. Hakuna simu, hakuna picha, hakuna mchoro. Maneno tu. "Mkishindwa kuelezana tundu la skrubu kwa maneno," alisema, "siku ya mashindano mtaelezana nini, habari za mvua?"

Wapo wanaosema ni ukatili. Mimi nasema ni ukatili na nusu.

Halafu haya majina. Kila mgeni kuitwa kwa kitu cha kwanza alichoharibu! Lakini mimi angalau gia niliivunja siku ya pili. Wewe fyuzi uliilipua siku ya kwanza, kabla hata hujaonyeshwa choo kiko wapi. Mbele yako mimi ni malaika.

Nikuambie kitu. Jana mchana mjomba alikuwa anapiga randa, mimi nikasinzia, nikaota mkono wako. Haukuwa na mwili. Ulikuwa unapita polepole katikati ya vumbi la mbao, kwenye ule mwanga wa dirishani, ukitafuta pa kukaa. Sikuogopa hata kidogo. Nilitaka kuupa kiti. Nipe vipimo, basi, nikujengee hicho kiti.

Mwenzako wa kupangiwa,
Gia

---

Jumatatu, 8 Juni

Kwako Gia kibogoyo,

Fyuzi ile ilikuwa mbovu kabla sijaigusa. Nitazeeka nikisema hivyo.

Nimefurahi kusikia mkono wangu unatembea kwenye ndoto za watu. Hapa kwetu bado hauwezi kusimama. Niko nao chini ya meza ya kukatia nguo. Mama yangu ni fundi cherehani, na tuna chumba kimoja chenye pazia katikati: mbele duka, nyuma kitanda. Mteja akikohoa mbele, sisi nyuma tunamwambia pole.

Haya, vipimo, na usikosee. Kitako cha mkono ni cha mraba, kipande cha ubao nilichokipiga msasa mpaka kikawa laini. Kila upande sentimita kumi na nne. Nimepima kwa tepu ya mama, mara mbili. Ni ya zamani kuliko mimi, lakini mama anasema haijawahi kumrudisha mteja. Nijengee kisanduku cha kumi na nne kamili, kitako kiingie kikabane, kisicheze. Kina chake kiwe upana wa vidole vyako vitatu, kama vidole vyako ni vya mtu wa kawaida.

Mchana hapa hewa yote inalala. Cherehani peke yake ndiyo iko macho. Wakati mwingine nakanyaga pedeli mpaka nahisi chumba kizima kinaondoka, kitanda, pazia, sisi wawili, vitambaa vyote, tunakwenda taratibu mahali ambapo hakuna mtu anayekuja kuuliza nguo yake iko tayari au bado. Halafu uzi unakatika, narudi.

Mama hajambo. Anakusalimu, ingawa hajui wewe ni nani.

Fyuzi

---

Jumamosi, 13 Juni

Fyuzi wa watu,

Kisanduku kimekamilika. Kumi na nne kila upande, kwa rula ya chuma ya mjomba, ile ambayo hata yeye mwenyewe anaiomba ruhusa. Nimeingiza kipande cha ubao cha kipimo hicho, kimebana, nimekigeuza juu chini na hakikuanguka.

Kigari chenyewe kina kichwa kigumu. Nakiambia nenda mbele, kinakwenda kulia. Nakiambia kulia, kinafikiri. Juzi kilimfuata mteja wa mjomba mpaka mlangoni, mama mmoja mwenye heshima zake, akasema, "Huyu mwanao mbona haamkii?" Mjomba anatamani kukifunga kamba kama mbuzi.

Na huyo mjomba naye! Ameona bahasha yako, akaanza: "Tutangaze posa au bado?" Nikamwambia ni mradi, mjomba. Akasema, "Ndoa nayo ni mradi." Nimemwacha na randa yake.

Sasa niulize jambo, na usiniambie nina umbeya. Barua yako ilikuja na uzi wa bluu umenasa kwenye gundi ya bahasha. Na umesema unakanyaga pedeli. Fundi si mama yako? Wewe si ulituambia kuwa hata kifungo hujui kushona, ndiyo maana ukakimbilia nyaya?

Nimeota tena. Safari hii mkono ulikuwa umekaa kwenye kisanduku changu, umetulia, kiganja wazi, na maji yalikuwa ndani ya kiganja bila glasi. Niliamka mdomo umekauka, nikanywa vikombe viwili.

Gia

---

Ijumaa, 19 Juni

Gia,

Umbeya unao, tena wa kuhitimu. Mama anapumzisha mgongo, namsaidia kidogo. Tuna oda ya sketi arobaini za wanafunzi wa shule ya msingi hapa jirani, zote za bluu. Umeridhika?

Turudi kwenye mkono. Sasa unasimama. Kiwiko nimekitengeneza kwa bobini mbili kuukuu za cherehani, na kamba ya kuukunja ni uzi wa kushonea viatu, mikunjo sita, hauvutiki. Vidole ni vitatu, nimevivika vitambaa laini visikwaruze glasi. Mota ile ndogo ya kwenye kopo la timu ilikuwa inapiga kelele, nikaipaka mafuta ya cherehani, ikanyamaza na adabu juu.

Jana niliujaribu. Niliweka glasi ya maji kwenye ukingo wa meza, nikabonyeza. Mkono ukashuka, vidole vikafumba, glasi ikapanda. Maji yalitikisika kidogo tu, yakatulia. Nje mvua ilikuwa inanyesha, chumba kimekuwa cha kijivu, na ile glasi ndiyo kitu pekee kilichokuwa kinang'aa. Nikasahau kuiteremsha. Nilikaa naitazama sijui muda gani. Mama akauliza, "Mbona cherehani imenyamaza?" Nikasema, mama, tazama. Akageuza uso, akatabasamu, akasema, "Kizuri sana." Alikuwa ametazama dirishani.

Jambo dogo. Ikitokea siku ya kufungua sijafika, mkono nitautuma kwa basi. Ni kusema tu.

Fyuzi

---

Jumatano, 24 Juni

Fyuzi,

"Ikitokea sijafika" maana yake nini? Hivi mtu anasema maneno kama hayo halafu anaweka nukta?

Mimi barua yako nimeisoma mara nne. Mama yako mgongo unamuuma, halafu unamwonyesha glasi anatazama dirisha. Sina akili nyingi, lakini hizo nilizo nazo haziniachi nilale mchana, na mchana ndiyo saa yangu ya kuota. Sasa sioti. Naona kisanduku kitupu tu.

Kama unaogopa Nahodha atasoma, andika karatasi mbili, uzibane na pini. Ya kwanza ya kazi, hiyo nitamkabidhi. Ya pili ni yangu, na naapa haitaonekana na mtu. Ninajua sheria: barua zote zikabidhiwe, anayeficha ametoka. Najua. Andika.

Gia

---

Jumanne, 30 Juni

(Karatasi ya kwanza)

Mkono umekamilika. Uzito ni kilo moja na robo. Waya mwekundu ni wa kupanda, mweusi ni wa kushuka. Usiuinue kwa kushika vidole, shika kiwiko. Nitautuma kwa basi la tarehe 10.

(Karatasi ya pili)

Gia,

Mama haoni. Anaona mwanga na kivuli, anajua mtu ameingia, rangi zilizokoza anazibahatisha. Alinificha, sijui tangu lini. Nikirudi likizo nakuta amezidisha utani, kumbe anaficha. Safari hii nilimkuta amekaa na sindano, anajaribu kutunga uzi, anakosa, anajaribu, anakosa, huku anaimba. Nilisimama mlangoni nikaona jinsi anavyoimba na moyo wangu ukavunjika, nakwambia kweli. Anasema ni umri tu, haina dawa.

Kwa hiyo nashona mimi. Sirudi shule. Nimemwambia shule imefungwa mpaka Septemba, paa linaezekwa upya. Septemba ikifika nitatunga jingine. Yeye akijua nimeacha kwa ajili yake, atanifukuza kwa mwiko na kesho yake atajitoboa vidole kwa sindano. Namjua.

Usidhani sitaki. Ninaitaka ile meza ya timu, harufu yake ya waya ulioungua, ninaitaka mpaka nashona nikiwa nimefumba macho ili niione. Sketi ya kumi na saba ina mshono uliopinda kwa sababu hiyo. Lakini mama ni mama.

Nisitiri. Chukua mkono, ufaulu, wewe ukaguse ile roboti. Utanisimulia.

Mimi

---

Jumapili, 5 Julai

Fyuzi,

Nimesoma. Nimeficha. Sikubaliani nawe hata chembe, lakini siri ni siri.

Mjomba ameniuliza mbona randa inamwagiwa machozi. Nimemwambia ni vitunguu. Karakana nzima haina kitunguu.

Gia

---

Jumanne, 14 Julai

Fyuzi,

Shule imefunguliwa jana na tumeaibika.

Mkono ulifika salama. Nilipoufungua nilikaa nao kitandani, maana ulikuwa vilevile nilivyouota, mpaka ile namna ya kukunja kidole cha kati. Nikaenda mbele ya timu kifua nimekitoa. Nikaweka kitako kwenye kisanduku. Kikaingia, kikapotea humo. Kinacheza huku na huku! Nikasema labda kitatulia. Kigari kikaondoka vizuri, safari hii kikatii kuliko wakati wowote, mkono ukashika glasi, ukapanda, ukainama kwa upole kabisa, ukammwagia Nahodha maji yote kwenye viatu.

Nahodha hakupiga kelele. Akachukua rula ya chuma. Kisanduku changu: kumi na nne. Kitako chako: kumi na mbili. Kumi na mbili, Fyuzi, kila upande! Akauliza, "Nani alipima hiki?" Nikasema wewe. "Yuko wapi?" Nikatazama viatu vyake.

Akaomba barua. Akazisoma amesimama, viatu vinachuruzika. Kwenye ile ya tarehe 30 akaona matundu ya pini. Akasema, "Kuna karatasi ya pili." Nikasema ipo. "Ilete." Nikasema siwezi. "Utatoka kwenye timu kwa ajili ya karatasi moja?" Nikasema ndiyo, na sauti ikatoka nyembamba, wakacheka nyuma huko, lakini nilisema.

Akairudisha rula mezani. Kisha akasema mradi wetu haujafaulu wala haujashindwa, mpaka mwenye mkono aje mwenyewe aseme alipima na nini. Tumepewa wiki tatu. Tarehe 3 Agosti usipokuwa hapa, wote wawili tumetoka, na mwaka kesho hatupokelewi.

Mimi sikulaumu kwa lolote. Ila kiti chako kiko hapa, hakuna aliyekikalia, na mchana jua likifika pale kinajaa mwanga mtupu. Hiyo inaniuma kuliko timu.

Gia

---

Jumamosi, 18 Julai

Mwanangu Gia,

Salamu. Anayesema ni mimi, mama yake Fyuzi. Anayeandika ni mteja wangu, mwalimu mstaafu, ambaye suruali yake nimeikalia hapa na haitoki mpaka barua iishe.

Barua yako haikumkuta uliyemwandikia. Alikuwa ametoka kununua vifungo. Ikapokelewa na mimi, nikamwomba mwalimu anisomee, nikidhani ni oda. Akasoma, "Shule imefunguliwa jana." Nikamwambia rudia. Akarudia. Sasa mimi niliambiwa paa linaezekwa mpaka Septemba, na siku zote nilikuwa nashangaa, hilo paa ni la shule au la ikulu? Nikanyamaza. Unajua kwa nini nilinyamaza, mwanangu? Kwa sababu nilipenda kuwa naye. Hilo nalisema wazi na aibu yake naibeba.

Binti aliporudi nikamwambia kaa. Akakaa. Nikamuuliza, paa limefika wapi? Akaviweka vifungo mezani. Halafu akaangua kilio, na mimi nikaangua changu, na mwalimu hapa akawa anatafuta leso.

(Si kweli. Lilikuwa vumbi la chaki. Mwandishi.)

Basi nikamwambia na yangu. Daktari aliniambia tangu mwaka jana kwamba huu ni mtoto wa jicho, anatolewa, watu wanaona tena. Nikamwambia binti hakuna dawa. Sikuogopa kisu. Niliogopa nikilazwa, ataacha shule aje kuniuguza. Kwa hiyo mimi nikakubali kupofuka ili yeye asome, na yeye akakubali kuacha kusoma ili mimi nisihangaike. Umewahi kuona wajinga wawili wakijificha ndani ya chumba kimoja?

Na hiyo sentimita kumi na nne. Usimlaumu, nilaumu mimi. Tepu yangu haina mwanzo. Binti alipoota meno alitafuna ile ncha ya chuma na sentimita mbili za kwanza, nikazikata, na sikununua nyingine. Humu ndani haina kosa, maana mwili naupima kwa hiyo na kitambaa nakikata kwa hiyo hiyo, nguo inakaa. Ila namba yetu ikitoka nje ya mlango, inadanganya. Nilisahau kumwambia. Miaka yote hii hakuna namba iliyowahi kutoka.

Mwalimu amenifuatilia hospitali. Mtu mmoja ameahirisha, nafasi ni Alhamisi tarehe 23. Jicho moja kwanza. Nimekula kiapo mbele ya binti: nikiona au nisipoona, tarehe 3 atakuwa hapo. Yeye bado hajaitikia. Amenuna, anashona sketi ya thelathini na tisa kama anaipiga.

Ahsante kwa ile karatasi uliyokataa kuitoa.

Mama Fyuzi

---

Jumapili, 26 Julai

Gia,

Nafika Jumamosi kwa basi la asubuhi. Niandalie ubao na msumeno, nitakata kitako kipya mbele ya Nahodha, kwa rula yake, na nitamweleza kila kitu kwa mdomo wangu. Viatu vyake nitavilipia kwa kuvipiga rangi.

Nikusimulie ya Ijumaa, maana sina mwingine wa kumsimulia ambaye ataielewa.

Nilikuwa nimeamua sirudi. Kiapo cha mama ni cha mama, mimi sikuapa. Nilijiambia, akifunguliwa bandeji na haoni, nabaki, hata anifukuze kwa mwiko. Usiku wa kuamkia hapo sikujua kama nimelala au la. Asubuhi wodi ilikuwa nyeupe kote, mapazia meupe, mashuka meupe, jua limeingia mpaka chini ya vitanda, na watu wote wanaongea polepole. Nilihisi nimeingia kwenye zile ndoto zako za mchana.

Nesi akamfungua. Mama akapepesa jicho, likatoa machozi, akapepesa tena. Akanielekea. Akanitazama. Akanitazama mpaka nikasikia saa ya ukutani.

Kisha akasema, kwa adabu kabisa, "Samahani, binti, unamtafuta nani?"

Gia, nikamsogelea. Nikasema, "Mama, ni mimi."

Akasema, "Hapana. Mimi mtoto wangu ni mdogo, ana mashavu. Nilimwona mara ya mwisho mwaka juzi. Wewe msichana mkubwa hivi umetokea wapi?"

Ndipo nikauona mdomo wake unacheza. Alikuwa ananitania! Nesi akacheka mpaka akaegemea kitanda. Mimi nililia kwa sauti, sikuona aibu ya mtu, kwa sababu utani ule ulikuwa kweli tupu. Miaka miwili, Gia. Kila likizo ananisuka, ananigombeza, ananiita nikale, na muda wote huo sura yangu hakuwa anaiona.

Akanishika mashavu kwa mikono miwili, akanigeuza kwenye dirisha. Alinichunguza polepole, paji la uso, pua, kidevu, hana haraka. Mimi nilikuwa napiga kwikwi tu, nimemwachia uso wangu.

"Umekua bila kuniomba ruhusa," akasema. "Haya, funga mzigo uende shule. Nimeshakuona."

Fyuzi